Dalili ya Mvua ni Mawingu: Viashiria vya Damu na Kuenea kwa Saratani ya Figo

Utangulizi

Miaka miwili iliyopita mjomba wangu alitolewa figo ya kushoto katika hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Wiki chache baadaye tuliitwa kusikiliza majibu. Daktari, mtu mpole mwenye shughuli tele, alieleza kwa Kiingereza kwamba uvimbe ulikuwa wa saratani, na kwamba wote uliokuwa ukionekana ulikuwa umeondolewa. Akaongeza kuwa kutokana na hali ya uvimbe wenyewe pamoja na baadhi ya vipimo vya damu, mgonjwa alikuwa katika kundi lenye hatari kubwa kiasi ya ugonjwa kurejea na kuenea. Kisha akanigeukia mimi, msomi wa familia, akaniomba nimfasirie mgonjwa. Nikafasiri hivi: "Mjomba, damu imeonyesha kwamba saratani itaenea."

Mjomba alinyamaza. Tulipofika nyumbani alimwambia mkewe kwamba hapakuwa na haja ya kupoteza nauli kwenda kliniki tena, maana damu yake ilikuwa imekwisha kusema. Miadi ya kwanza ikampita, na ya pili pia.

Kosa lile halikuwa la daktari wala la mjomba. Lilikuwa langu, na kiini chake kilikuwa kiambishi kimoja tu: -ta-. Mimi niliyefundishwa njeo na hali tangu mwaka wa kwanza wa shahada nililigeuza jambo la uwezekano kuwa jambo la hakika. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kuhusu maradhi haya kadiri uwezo wangu wa kisomo unavyoniruhusu, na nimewauliza wajuao zaidi yangu. Makala hii ni matunda ya usomaji huo. Inanuia kueleza, kwa Kiswahili, jinsi damu inavyoweza kuashiria kuenea kwa saratani ya figo, mipaka ya viashiria hivyo, na wajibu wetu sisi wanafunzi wa lugha katika suala hili. Mwandishi si tabibu, na makala hii haichukui nafasi ya ushauri wa tabibu.

Figo na Saratani Yake

Figo ni viungo viwili vilivyo nyuma ya tumbo, kila upande wa uti wa mgongo. Ingawa kila kimoja hakizidi sana ukubwa wa ngumi, hupokea takriban sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa siku moja huchuja karibu lita 180 za majimaji, kisha sehemu kubwa mno ya majimaji hayo hurudishwa mwilini na lita moja au mbili tu hutoka kama mkojo. Kazi hii ya kuchuja na kurudisha hufanywa na vijitirija vidogo visivyoonekana kwa macho. Katika watu wazima, takriban visa tisa kwa kumi vya saratani ya figo huanzia katika seli zilizotandikwa ndani ya vijitirija hivyo.

Kwa mujibu wa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, watu wapatao 434,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya figo mwaka huo, na wapatao 155,000 walifariki kwa sababu yake. Aina iliyoenea zaidi, inayochukua karibu robo tatu ya visa, ni ile ya seli angavu. Jina hilo limetokana na jinsi seli zake zinavyoonekana chini ya hadubini: nyeupe, kana kwamba ndani yake hamna kitu, kwa kuwa mafuta na sukari zilizokuwamo huyeyuka wakati kipande kinapoandaliwa.

Aina hii ina kisa ambacho kinafaa kusimuliwa. Mwaka 1993 watafiti walitambua jeni iitwayo VHL. Kazi mojawapo ya jeni hii ni kuisaidia seli kutambua kama kuna oksijeni ya kutosha. Jeni hii inapoharibika, jambo ambalo hutokea katika visa vingi vya saratani ya seli angavu, seli hujiona imekosa hewa hata kama hewa ipo tele. Basi hupiga mayowe ya uongo: hutoa kemikali za kuita mishipa mipya ya damu ije kuiokoa. Mishipa huja, uvimbe ukanenepa. Utafiti kuhusu namna seli zinavyohisi oksijeni uliwapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019.

Tuzingatie matokeo ya mayowe hayo. Uvimbe uliojaa mishipa ya damu ni uvimbe uliojaa milango, na mlango unaoingiza chakula unaweza pia kumtoa msafiri.

Saratani Inavyosafiri

Saratani ya figo iliyokaa mahali pake aghalabu huondolewa kwa upasuaji. Inayoua zaidi ni ile iliyohama. Seli huponyoka kutoka kwenye uvimbe, zikaingia katika mkondo wa damu au wa limfu, zikasafiri, zikatua mbali na kuanzisha uvimbe mpya. Katika figo safari hii ina njia iliyo wazi. Damu itokayo kwenye figo huingia katika mshipa mkuu unaopanda hadi upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo husukumwa moja kwa moja hadi mapafuni. Si ajabu basi kwamba mapafu ndiyo makazi ya kwanza ya saratani nyingi za figo zilizohama. Mifupa, tezi za limfu, ini na ubongo hufuata. Katika baadhi ya wagonjwa uvimbe wenyewe hutambaa ndani ya mshipa wa figo, na wakati mwingine hufika hadi katika mshipa huo mkuu.

Hata hivyo, si kila seli inayosafiri huota. Mwaka 1889 tabibu Mwingereza Stephen Paget alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kutokana na saratani ya matiti. Aligundua kwamba ugonjwa haukutawanyika ovyo: baadhi ya viungo vilishambuliwa mara nyingi, vingine mara chache, ingawa vyote hupata damu. Akaulinganisha ugonjwa na mbegu, na viungo na udongo. Mbegu hupeperushwa kila upande lakini huota pale tu penye udongo unaoikubali. Sitiari hii ingali inatumika katika maabara za leo, jambo linaloonyesha kwamba hata sayansi haiwezi kwenda mbali bila tamathali za usemi.

Damu Husema Nini?

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kiashiria cha damu ni wingu la aina hiyo: kitu kinachoweza kupimwa leo ambacho kina uhusiano na jambo linaloweza kutokea kesho. Viashiria hivi tunaweza kuvigawa katika makundi mawili, vya kawaida na vipya.

Viashiria vya kawaida ni vile vinavyopatikana katika vipimo ambavyo hospitali nyingi zinaweza kuvifanya. Saratani ya figo ina tabia ya kuuvuruga mwili mzima hata ikiwa imejificha pembeni. Huweza kupunguza himoglobini, yaani ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, mgonjwa akapungukiwa na damu. Huweza kutoa kemikali inayoiga homoni ya mwili na hivyo kupandisha kiwango cha kalsiamu. Huweza kuuchochea mwili utengeneze kwa wingi mno chembe za kugandisha damu, pamoja na chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili. Vilevile huweza kuliamsha ini litoe protini iitwayo CRP, ambayo hupanda mwilini panapokuwa na mwako au maambukizi.

Mwaka 2009 kundi la watafiti wa mataifa mbalimbali lililoongozwa na Daniel Heng lilichapisha kigezo kilichotokana na wagonjwa 645 ambao saratani yao ya figo ilikuwa tayari imeenea. Kigezo hicho kina mambo sita. Mawili si ya damu: uwezo wa mgonjwa kujihudumia, na iwapo muda kati ya kugunduliwa kwa ugonjwa na kuanza kwa tiba ya dawa haukufika mwaka mmoja. Manne yaliyosalia yote ni ya damu: himoglobini ya chini, kalsiamu ya juu, nyutrofili nyingi, na chembe nyingi za kugandisha damu. Asiye na hata jambo moja huwekwa katika kundi lenye matumaini mema. Mwenye moja au mawili katika kundi la kati. Na mwenye matatu au zaidi katika kundi lenye hali mbaya. Katika utafiti ule, nusu ya wagonjwa wa kundi la kati waliishi zaidi ya miezi 27, ilhali nusu ya wale wa kundi la mwisho hawakufikisha miezi tisa. Idadi hizi zilipatikana kabla ya dawa za kinga zinazotumika sasa, kwa hivyo zisisomwe kama kipimo cha maisha ya mgonjwa wa leo. Mgawanyo wenyewe, hata hivyo, ungali unatumika.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulichanganya, nami nililichanganya. Kigezo hicho kinajibu swali hili: saratani ikiwa imekwisha kuenea, mgonjwa anatarajiwa kuwa na hali gani? Hakijibu swali la mjomba, ambalo lilikuwa: saratani iliyotolewa, je, itarudi? Kwa swali hili la pili madaktari hutegemea zaidi uvimbe wenyewe uliotolewa: ukubwa wake, umbali uliofikia, sura ya seli zake, na iwapo una sehemu zilizokufa. Vipimo vya damu kama vile CRP, na uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti, vimehusishwa na kurejea kwa ugonjwa katika tafiti nyingi, lakini hivyo ni vya kuongezea tu. Havisimami peke yake.

Viashiria Vipya

Pengo hilo ndilo linalowashughulisha watafiti. Wanatafuta kitu ndani ya damu kitakachosema, baada ya upasuaji, kama kuna masalio yasiyoonekana katika picha.

Cha kwanza ni seli zenyewe zinazosafiri. Mwaka 1869 daktari Thomas Ashworth nchini Australia aliona, katika damu ya mtu aliyefariki kwa saratani, seli zilizofanana na zile za uvimbe. Wazo la kuwanasa wasafiri njiani ni la zamani kiasi hicho. Ugumu wake ni kwamba seli hizo ni chache mno miongoni mwa mabilioni ya chembe za damu.

Cha pili ni vipande vya DNA vinavyoelea katika damu nje ya seli, ambavyo Mandel na Métais walivieleza kwa mara ya kwanza nchini Ufaransa mwaka 1948. Seli za saratani zinapokufa, humwaga vipande vyake humo. Katika baadhi ya saratani mbinu hii imepiga hatua kubwa. Saratani ya figo, kwa bahati mbaya, ni bahili: humwaga vipande vichache ikilinganishwa na nyingine. Kwa sababu hiyo watafiti wameanza kuchunguza alama za kikemikali zilizobandikwa juu ya DNA hiyo, badala ya kutafuta tu makosa katika mpangilio wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba alama hizo zinaweza kusaidia kuitambua saratani ya figo kupitia damu.

Cha tatu, ambacho kwa sasa kinatajwa sana, ni protini iitwayo KIM-1. Protini hii hujitokeza juu ya seli za vijitirija vya figo zinapojeruhiwa, na sehemu yake hukatika ikaingia katika mkojo na damu. Kwa kuwa saratani nyingi za figo huzaliwa na seli hizohizo, nazo huitoa. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliotumia damu iliyokuwa imehifadhiwa kutoka kwa watu wa Ulaya kabla hawajaugua. Watu 190 ambao baadaye walipatwa na saratani ya figo walilinganishwa na 190 ambao hawakupatwa. Kiwango cha KIM-1 kilikuwa juu zaidi kwa wale wa kwanza, hata miaka kadhaa kabla ya ugonjwa kugunduliwa. Mwaka 2024 uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba wagonjwa ambao KIM-1 yao ilikuwa juu baada ya upasuaji walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kurudiwa na ugonjwa. Mantiki yake ni nyepesi: ikiwa kiwanda kimebomolewa na bidhaa bado inaonekana sokoni, yamkini kuna kiwanda kingine kilichofichwa.

Hata hivyo, neno "yamkini" hapa lina uzito wake. KIM-1 hupanda pia figo inapojeruhiwa na mambo mengine, kama vile dawa fulani au maradhi sugu ya figo. Aliyetolewa figo moja bado anayo nyingine, na hiyo nayo inaweza kuumia. Ndiyo maana kipimo hiki kingali mikononi mwa watafiti na hakijawa kipimo cha kawaida cha kuamua tiba.

Kwa Nini Jambo Hili Lina Uzito?

Msomaji anaweza kuuliza: kama uvimbe umetolewa, kuna faida gani kujua kilicho mbele? Faida ipo, na inahusu tiba. Mwaka 2021 nchi ya Marekani iliidhinisha dawa ya pembrolizumab itumiwe kwa muda wa takriban mwaka mmoja baada ya upasuaji kwa wagonjwa walio katika hatari ya kurudiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba baada ya miaka minne, wagonjwa wapatao 91 kati ya 100 waliopewa dawa walikuwa hai, ikilinganishwa na 86 kati ya 100 ambao hawakuipewa.

Tuzisome idadi hizi kwa makini, kama tunavyosoma ubeti. Watano zaidi kati ya mia ni maisha ya watu watano, na hakuna anayeweza kuyadharau. Lakini wale 86 walikuwa hai bila dawa hiyo, na tisa hawakufika licha ya kuipata. Dawa yenyewe ni ghali mno, na huweza kuifanya kinga ya mwili iushambulie mwili wenyewe. Kama kungekuwa na kiashiria cha kuaminika, daktari angempa dawa anayeihitaji na kumwepusha asiyeihitaji. Katika nchi ambamo familia huuza shamba ili kulipia matibabu, kiashiria cha namna hiyo kingeokoa zaidi ya figo.

Aidha, kujua hatari huongoza ufuatiliaji. Doa dogo la mapafu likigunduliwa mapema, pana njia nyingi zaidi za kulishughulikia kuliko likigunduliwa mgonjwa akiwa tayari anakohoa damu. Mjomba alipoacha kwenda kliniki, hicho ndicho alichokuwa akikitupa, na mimi ndiye niliyemsaidia kukitupa.

Lugha ya Ubashiri

Sasa nirudi nyumbani, yaani katika lugha. Kiswahili hakikosi maneno ya kulieleza suala hili. Tunavyo vitenzi kutabiri, kubashiri na kuagua. Tatizo ni kwamba kila kimoja kina historia yake. Mtabiri wa jadi na mwaguzi hawakusema "labda". Walitoa kauli, na kauli yao ilipokewa kama jambo lililokwisha kuandikwa. Kuagua hata hubeba maana mbili, ya kubashiri na ya kutibu. Mzee anapoambiwa kwamba damu yake "imetabiri", hasikii hesabu ya uwezekano. Anasikia hukumu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tutofautishe aina za viashiria kwa majina yaliyo wazi: kiashiria cha utambuzi, kinachosema ugonjwa upo, kiashiria cha mwelekeo, kinachosema ugonjwa huenda ukafuata njia gani, na kiashiria cha mwitikio, kinachosema dawa fulani huenda ikamfaa nani. Neno "mwelekeo" lina nafuu kwa kuwa halina mtabiri ndani yake.

Pili, tuwe waangalifu na viambishi. Kiambishi -ta- peke yake hakina daraja la uhakika. Uwezekano tunaueleza kwa huenda, yamkini, na huweza. Kusema "saratani huweza kurudi" na kusema "saratani itarudi" ni kusema mambo mawili tofauti kwa mgonjwa mmoja.

Tatu, tuhesabu watu badala ya asilimia. "Kati ya watu kumi wenye hali kama yako" hueleweka na yeyote aliyewahi kuhesabu mbuzi wake jioni.

Hili si suala la hiari tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa. Sheria ipo, lakini istilahi na wafasiri hawatoshi. Tunaandika tasnifu nyingi kuhusu maudhui na fani, na ni vyema. Lakini mlangoni mwa chumba cha daktari ameketi mpwa wa mtu fulani, amekabidhiwa kazi ya ufasiri ambayo hakuna aliyemfundisha.

Hitimisho

Tumeona kwamba saratani ya figo husafiri kwa njia ya damu, na kwamba damu hiyohiyo huweza kutoa fununu za safari. Viashiria vya kawaida huonyesha jinsi mwili ulivyovurugika. Viashiria vipya, hasa KIM-1, vinajaribu kuwafichua wasafiri wenyewe. Vyote ni mawingu. Mawingu hutufanya tuanue nguo na kutafuta mwavuli, lakini si kila wingu hunyesha, na hakuna anayejizika kwa sababu ameliona wingu.

Muuguzi mmoja ndiye aliyemrejesha mjomba kliniki. Alimpigia simu baada ya miadi ya pili kupita, akamwambia kwa Kiswahili chepesi maneno ambayo ningepaswa kuyasema mimi: kwamba uvimbe uliokuwa ukionekana umetolewa wote, kwamba yeye ni miongoni mwa watu ambao ugonjwa huu huweza kuwarudia zaidi kuliko wengine, kwamba wako wanaorudiwa na wako wasiorudiwa, na kwamba daktari anataka kumwona kila baada ya miezi michache ili ukirudi, aukute ungali mdogo. Mjomba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniita, akaniuliza, "Mpwa wangu, mbona wewe hukuniambia hivyo?"

Picha ya mwisho ya mapafu yake ilikuwa safi. Inayofuata bado haijapigwa. Swali lake sijalijibu kikamilifu, na makala hii ni sehemu ya jibu.